Kozi za bure mtandaoni: mwongozo kamili wa kuanza na kumaliza, kwa mwenye simu na bando la kuhesabu

Haya naandika kwa mtu ninayemfahamu vizuri sana, yule aliyemaliza form four au form six au hata chuo, yupo nyumbani au ana kibanda chake mahali, kila siku anasikia kwamba Harvard na MIT, vyuo vikuu vya Marekani, wanafundisha bure mtandaoni, akajisajili kozi moja, ya pili, ya tatu, na zote zikaishia wiki ya pili. Huyu mtu sio mvivu. Nimekaa na watu kama yeye miaka kadhaa sasa, tunakutana jioni kwenye steshenari ya jamaa yetu hapa Morogoro kusoma pamoja, na nimeona kwamba wanaokwama wengi wana akili nzuri tu na nia wanayo, ila hakuna aliyewaambia mapema vitu vinavyokula mtu katikati ya safari: bando, Kiingereza, upweke na sheria za mitandao yenyewe zinazobadilika bila taarifa. Kwa hiyo tutaenda hatua kwa hatua, na pale penye uzito nitakaa zaidi.

Kwanza kabisa: bure sio huria

Kiswahili chetu kimetubariki na maneno mawili hapa, na ukiyaelewa umeshaelewa nusu ya mwongozo huu. Kitu cha bure ni kile usicholipia. Kitu huria ni kile ulichopewa ruhusa ya kukichukua, kukihifadhi, kukichapa, kukitafsiri, kumgawia mwenzako, na hakuna atakayekuja kukudai. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994, ni huria kwa maana ya kuwafuata watu walipo, lakini ada unalipa. Mitandao mikubwa ya kozi kama Coursera na edX inakuonyesha masomo mengi bure, lakini ni mali yao, leo mlango upo wazi kesho wanaweza kuurudishia. MIT OpenCourseWare, tovuti ya masomo ya chuo cha MIT, ni bure na ni huria pia, unachukua notisi na mitihani unaenda nayo kijijini kwenu.

Mambo haya yana historia fupi. MIT walitangaza mwaka 2001 kwamba wataweka masomo yao wazi kwa dunia, na leo wana zaidi ya kozi 2,500 pale. Mwaka 2011 walimu wawili wa somo moja la Chuo Kikuu cha Stanford, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua somo lao la akili bandia mtandaoni wakajisajili watu kama 160,000. Mwaka uliofuata, 2012, zikazaliwa Coursera na edX, na gazeti la New York Times likauita mwaka huo mwaka wa kozi hizi. Watu waliamini kweli kwamba mtoto wa Sumbawanga na mtoto wa Boston watakaa darasa moja. Mwaka 2021 edX, iliyoanzishwa na MIT na Harvard bila nia ya faida, ikauzwa kwa kampuni ya biashara kwa dola milioni 800. Na utafiti uliochapwa mwaka 2019 kwenye jarida la Science, kwa kutumia takwimu za MIT na Harvard wenyewe, ulionyesha kwamba waliomaliza mwaka wa masomo wa 2017/18 walikuwa kama asilimia 3 tu ya waliojisajili, na wengi wa waliojisajili walitoka nchi zenye maisha mazuri.

Nakwambia haya mapema ili ujue unachoingia, sio kukukatisha tamaa. Mimi mwenyewe nilishawahi kufika wiki ya tano ya kozi ya takwimu kwenye mtandao mmoja, mzazi akaugua, nikakaa hospitali naye mwezi mzima, kurudi nakuta somo limefungwa, muda wa kusoma bure umeisha, mazoezi yote niliyofanya siyaoni tena. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kozi yoyote ni moja: hii ni bure tu au ni huria?

Hatua ya 1: Anza na kazi yako, kozi itafuata

Kabla hujafungua tovuti yoyote chukua karatasi uandike sentensi moja tu inayoanza na "Nikimaliza nitakuwa nime..." halafu imalizie na kitu kinachoonekana kwa macho. Nimetengeneza tovuti ya kwaya yetu. Nimeweza kufanya mtihani wa hesabu wa form six wa mwaka juzi bila kuangalia majibu. Nimepanga hesabu za duka kwenye kompyuta. Ukiandika "nataka kujua kompyuta" au "nataka kujifunza biashara" hiyo haina mwisho, utazunguka mpaka uchoke.

Kuna mama mmoja anafuga kuku wa mayai, alikuja kwetu anataka kozi ya biashara, na alishaona moja ya miezi sita ya chuo cha Marekani. Tukamuuliza mama, kinachokunyima usingizi ni nini hasa? Akasema sijui kama napata faida au nakula mtaji. Basi. Tukamtafutia masomo manne tu ya kutumia jedwali la hesabu kwenye kompyuta, akatengeneza lake lenye safu za mayai, chakula, chanjo na vifo, na baada ya wiki tatu akagundua kwamba chakula anachonunua kwa kilo moja moja dukani kinamla faida kuliko kununua gunia. Ile kozi yenye masomo hayo hakuimaliza, na hakuwa na sababu ya kuimaliza. Kwenye takwimu za mtandao yule mama anahesabiwa kama aliyeshindwa, ila kwangu yeye ndo aliyefaulu kuliko wote mwaka ule.

Hatua ya 2: Chagua pa kusomea

Sitakutajia mitandao hamsini, nataja ile ninayoijua na kinachofaa kwa kila moja.

Kama umeachwa nyuma na hesabu au sayansi za sekondari, nenda Khan Academy. Ilianza Salman Khan akimfundisha binamu yake hesabu kwa mbali mwaka 2004, leo ni shirika lisilo la faida, masomo yake hulipii, na uzuri wake linaanza chini sana, unaweza kurudi mpaka sehemu na desimali bila mtu kukuona. Nakushauri urudi kweli. Watu wengi wanaokwama kwenye takwimu au programu shida yao ipo darasa la saba.

Kama unataka programu za kompyuta, freeCodeCamp ni bure mpaka cheti, unaandika programu zako humo humo kwenye kivinjari. Halafu kuna CS50, kozi ya Harvard ya sayansi ya kompyuta kwa wanaoanza, ya Profesa David Malan, ngumu lakini tamu, nitaielezea mbele kidogo. Jambo ambalo watu hawaambiwi: ukiipitia kwenye tovuti ya CS50 yenyewe unapata cheti cha bure ukifikisha asilimia 70 kwenye kila kazi pamoja na mradi wa mwisho, wakati ukitaka cheti cha edX cha kozi hiyo hiyo unalipia. Somo ni lile lile.

Kama unataka vitabu vya kiada vya chuo vya fizikia, baiolojia, uchumi na takwimu, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice wanavitoa kwa pdf, vitabu vizima, na ni huria. Kwa wenye kupenda kozi fupi za kusoma kwa maandishi zaidi ya video, OpenLearn ya Open University ya Uingereza ni nzuri sana kwa sababu maandishi hayali bando, na wanakupa hati ya kuthibitisha kwamba umeshiriki. MIT OpenCourseWare ni kwa aliyezoea kujisomea: hakuna kujisajili, hakuna dedilaini, hakuna cheti, na hakuna mwalimu wa kumuuliza.

Kwa wanafunzi wa shule, msisahau vya nyumbani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na Kenya KICD, taasisi yao ya mitaala, wana Kenya Education Cloud. Hivi vinafuata mtaala unaofanyia mtihani, ambacho kozi ya California haitafanya hata siku moja.

Chagua moja. Narudia, moja. Ukishachagua, fungua ukurasa wake usome mpaka chini kabisa kabla ya kubonyeza kujisajili, utafute majibu ya haya: nikisoma bure naruhusiwa kufanya mazoezi yenye alama au video tu? Ufikiaji wangu una mwisho? Naweza kushusha masomo? Wanaomba kadi ya benki? Kwenye edX kwa mfano anayesoma bure mara nyingi anafungiwa mazoezi ya alama na anapewa muda maalumu, na Coursera nao wamekuwa wakipunguza kinachoonekana bure. Kuwa makini sana na zile siku saba za majaribio, wanachukua namba ya kadi, siku ya nane hela inakatwa, na kama kadi yako ni ile ya mtandaoni ya kwenye simu uliyoiwekea hela ya kodi ya nyumba utalia.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bando kabla ya kuanza

Hapa ndo kozi nyingi zinapofia, na hakuna chuo cha nje kinachokwambia maana kwao intaneti ni kama maji ya bomba.

Tuseme kozi ina wiki kumi na kila wiki video za saa mbili, jumla saa 20. Video ikicheza kwa ubora wa 720 inaweza kula giga moja na zaidi kwa saa, kwa hiyo kozi nzima ni zaidi ya giga 20. Ukishusha ubora mpaka 360 ni kama MB 300 kwa saa, inategemea na video, kozi nzima inakuwa giga 6 hivi. Mwalimu anayeandika ubaoni kwa 360 unamwona vizuri tu. Sasa chukua bei ya bando lako la wiki, gawanya, uone kama mfuko unakubali kwa wiki zote kumi na sio wiki ya kwanza tu. Ukiona haukubali usianze na video, fanya hivi.

Video nyingi za kozi zina maandishi ya somo zima pembeni, kila neno alilosema mwalimu. Maandishi hayo ni kilobaiti chache. Yashushe uyasome kwanza, halafu video uangalie zile sehemu tu ambazo maandishi hayakutosha, labda kuna mchoro au anaonyesha kitu kwa mkono. Mtu mmoja kwenye kundi letu amesoma kozi nzima ya uhasibu hivi na sidhani kama aliangalia video zaidi ya saa tatu.

Njia ya pili ni kushusha mara moja na kusoma mara nyingi. Programu za simu za Coursera na Khan Academy zinakuruhusu kushusha masomo uangalie bila intaneti. Subiri bando la usiku au siku ukiwa sehemu yenye waifai, shusha ya wiki nzima, zima data. Ile tabia ya kusoma huku data imewashwa inakula mara mbili, maana meseji zinaingia, video za vichekesho zinaingia, na umakini nao unaondoka.

Ya tatu ndo inayotegemea neno letu huria. Kozi za MIT OpenCourseWare zina faili la kushusha lenye notisi, mazoezi na mitihani, na video unazishusha peke yake. Mtu mmoja akishusha akaweka kwenye flashi, watu kumi wanasoma kwa bando la mtu mmoja, na hakuna sheria iliyovunjwa kwa sababu leseni inaruhusu. Vitabu vya OpenStax vile vile. Kuna Kiwix pia, programu inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye simu au kompyuta bila intaneti, ya Kiswahili ikiwemo, na Kolibri kwa shule, unaiweka kwenye kompyuta moja na darasa zima linasoma kutoka pale bila kuunganishwa na mtandao wa nje. Sisi flashi yetu ya giga 32 imeshapita mikono mingi sana.

Hatua ya 4: Kiingereza

Tuongee ukweli. Sisi Tanzania tumesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tukaingizwa kwenye Kiingereza ghafla, wengi wetu tulivuka kwa kukariri. Halafu unakutana na profesa anayeongea kama cherehani. Usione aibu, aibu ndo inafanya mtu afunge kozi kimya kimya na kujiambia hana kichwa.

Punguza kasi ya video mpaka 0.75, washa maandishi yanayopita chini ya video yawe ya Kiingereza hicho hicho, sio ya tafsiri, ili sikio na jicho vifanye kazi pamoja. Uwe na daftari la maneno. Kila somo andika maneno yasiyozidi kumi, na mbele yake usiandike tafsiri ya kamusi bali sentensi yako ya Kiswahili inayoeleza kitu chenyewe kinafanya nini. Tafsiri ya mashine inasaidia kupata picha ya jumla lakini kwenye maneno ya fani inapoteza kabisa, mfano neno power kwenye hesabu linaweza kukujia kama "nguvu" wakati kwa Kiswahili cha hesabu ni kipeo, na mtu anabaki kujiuliza mbili ina nguvu gani ya tatu. Kwa hiyo ukiona sentensi ya Kiswahili haina maana, kosa linaweza kuwa la mashine, rudi kwenye neno la asili.

Na zungumzeni somo kwa Kiswahili. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna watu wanaona kujadili kwa Kiswahili ni kushuka daraja. Kitu ambacho huwezi kumweleza mwenzako kwa lugha mnayonunulia nyanya hujakielewa bado.

Hatua ya 5: Tafuta watu, hata wawili

Mwaka 2012 MIT walipofungua kozi yao ya saketi za umeme walijisajili watu kama 155,000 na wakafaulu 7,157. Kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, Mongolia, Battushig Myanganbayar, alipata alama zote, na baadaye akaenda kusoma MIT. Habari yake ilizunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba ukiwa na intaneti inatosha. Lakini soma habari yenyewe vizuri. Mkuu wa shule yake alikuwa amesoma MIT, ndiye aliyewaingiza wanafunzi wake kadhaa kwenye kozi ile kwa pamoja, na akamleta mtu kutoka Stanford na vifaa vya maabara ili watoto washike waya kwa mikono yao. Kijana ana kipaji, hilo halina ubishi, ila hakusoma peke yake chumbani. Kila nikisikia mtu anamtumia kama mfano wa kujitegemea naona hajaelewa.

Nikueleze kilichotokea kwetu. Kuna binti alikuwa anasoma CS50, mchana anauza mitumba. Kazi ya wiki ya kwanza wanakuambia uandike programu inayochora ngazi kama ya mchezo wa Mario, alama za reli (#) zikiegemea kulia, mstari wa juu una moja, unaofuata mbili, mpaka chini. Alikaa nayo siku nne. Ngazi ilikuwa inatoka ila imeegemea kushoto, na alishaanza kusema hii sio ya watu kama sisi. Jamaa mwingine pale, fundi simu, yeye hata hajui programu, akachukua vizibo vya soda kutoka kwa muuza vinywaji jirani akavipanga juu ya kaunta: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akasema sasa visogeze kulia. Binti akavisogeza, na fundi akamuuliza hapo kushoto umeacha nini? Hakuna kitu. Akasema hapana, weka njiti ya kiberiti kila penye nafasi. Akaweka, mstari wa kwanza njiti tatu kizibo kimoja, wa pili njiti mbili vizibo viwili, wa tatu njiti moja vizibo vitatu, wa nne vizibo vinne bila njiti. Alinyamaza kama dakika nzima anaangalia kaunta. Halafu akasema kumbe nafasi tupu nayo lazima niichore. Akarudi kwenye kompyuta akaandika kitanzi (amri inayojirudia) cha njiti kwanza, kitanzi cha vizibo baadaye, ngazi ikasimama. Yale makofi niliyasikia mimi niliyekuwa nje napiga chapa kitambulisho cha mteja.

Profesa Malan anaeleza vizuri sana, lakini hakuwepo pale kaunta, na video haiwezi kuona umekwama wapi.

Kwa hiyo kabla ya kuanza tafuta wawili wa kusoma kozi hiyo hiyo kwa wiki hiyo hiyo. Mkiwa zaidi ya sita inakuwa mkutano. Kutaneni ana kwa ana mara moja kwa wiki kama inawezekana, na kama mpo mbali grupu la WhatsApp linatosha ila muwe na sheria moja: kila Jumapili usiku kila mtu anatuma picha ya ukurasa wa daftari lake, hata kama umeandika mistari miwili. Hakuna kutuma mahubiri wala matangazo humo. Asiyetuma wiki mbili anapigiwa simu, sio kwa kumkaripia, kumuuliza tu mzima? Mara nyingi utakuta kauguliwa au kaishiwa bando.

Hatua ya 6: Saa na daftari

Saa tano kwa wiki zinatosha kwa kozi nyingi. Zigawe kwa siku unazozijua, weka asubuhi kabla watu hawajaamka kama nyumba yenu ina kelele, na wadada wenye watoto wadogo naomba mkae na watu wa nyumbani muwaambie waziwazi kwamba Jumanne na Alhamisi saa mbili usiku nasoma, vyombo ataosha mwingine. Kozi inayofichwa haimalizwi. Kwenye daftari andika tarehe, umefika dakika ya ngapi ya video gani, na swali moja ulilobaki nalo. Siku ukirudi baada ya msiba au safari hutaanza mwanzo.

Kila baada ya wiki mbili chukua ile karatasi ya hatua ya kwanza, uangalie kama unasogea kuelekea kile ulichoandika.

Hatua ya 7: Cheti, ukikitaka

Cheti cha kozi fupi ya mtandaoni sio shahada, sio stashahada, na usimruhusu mtu akudanganye kwamba utaombea nacho chuo. Unataka shahada, fuata vyuo vinavyotambuliwa, Chuo Kikuu Huria kikiwa kimojawapo kwa anayefanya kazi. Kwenye ajira cheti kinakusaidia pale tu kikiambatana na kitu ulichotengeneza. Mwajiri mdogo wa hapa mtaani hajali nembo ya chuo cha nje, ukimfungulia simu ukamwonyesha jedwali la stoo ulilolitengeneza mwenyewe atakusikiliza.

Ukihitaji kile cha kulipia, Coursera wana utaratibu wa kuomba msaada wa kifedha, upo kwenye ukurasa wa kozi nyingi. Unaeleza kipato chako na kwa nini unaitaka kozi, unasubiri kama wiki mbili. Andika ukweli wenye vitu vya kushikika. "Mimi ni masikini naomba mnisaidie" ni dhaifu. "Nauza vifaa vya umeme, kipato changu kwa mwezi ni hiki, nataka kujifunza takwimu ili niache kununua bidhaa zinazolala dukani, na nimepanga kusoma saa tano kwa wiki pamoja na wenzangu wawili" hiyo ina mtu ndani yake. Omba kabla hujaanza, maana ukisubiri jibu huku muda wa bure unakimbia utajikuta nje kama mimi. Na piga picha ya skrini ya kila zoezi unalomaliza, hifadhi kwenye simu, siku mlango ukifungwa kazi yako unabaki nayo.

Kuhusu kununua majibu ya mazoezi, yapo, yanauzwa kwenye magrupu. Usinunue. Unajilipisha hela ili usijifunze.

Hatua ya 8: Ukishapata, gawa (hasa walimu)

Hapa huria inaonyesha maana yake yote. Chini ya ukurasa wa somo tafuta alama ya Creative Commons, leseni hizi zilianza kutolewa mwaka 2002. Zisome hivi: BY maana yake umtaje mwenye kazi. SA ukiibadilisha basi na yako uiachie kwa masharti yale yale. NC usiitumie kwa biashara. ND usiibadilishe, na kutafsiri ni kubadilisha. Masomo ya MIT OpenCourseWare yana BY, NC na SA, kwa hiyo mwalimu wa Kasulu anaruhusiwa kabisa kutafsiri notisi zao kwa Kiswahili akawagawia wanafunzi, ilimradi aandike zimetoka wapi, asizifanye biashara, na tafsiri yake iwe huria pia. Video ya bure isiyo na leseni hiyo huwezi kuifanyia hivyo, hata kama kuiangalia hulipi senti.

Kwa walimu wa msingi kuna TESSA, mradi wa Open University ya Uingereza na vyuo vya Afrika ulioanza 2005, una masomo ya kufundishia hesabu, sayansi, maarifa ya jamii na stadi za maisha, na yapo kwa Kiswahili. Hujaelekezwa ununue kemikali wala projekta, wanakufundisha kutumia kilichopo darasani. Kwa kusoma kuna African Storybook ya kutoka Afrika Kusini, hadithi fupi za watoto zenye picha, nyingi kwa Kiswahili na lugha zetu nyingine, unasoma, unachapa, na unaweza kuandika ya kwenu ukaiweka.

Utaratibu tunaoutumia ni huu. Mwalimu mmoja anachagua somo moja kwa mwezi, sio zaidi. Anatafsiri rasimu ya kwanza kwa mkono wake, mashine anaiuliza neno moja moja tu. Mwalimu wa pili anaisoma kwa sauti mbele ya watoto wawili watatu, pale wanapokunja uso anaweka alama, sentensi inaandikwa upya. Mfano wa theluji unatoka, unaingia mfano wa barafu ya kwenye deli la muuza aiskrimu. Halafu tunachapa pande mbili za karatasi kuokoa gharama, na chini ya kila ukurasa tunaandika kazi hii imetoka wapi, nani ameitafsiri, leseni yake ni ipi, na maneno haya: ruhusa kutoa kopi. Nakala mbili zinabaki kwenye rafu ya steshenari karibu na mashine, na anayetaka analipia karatasi na wino tu.